Kapu la simu pale Pongwe

Zuwena shoga, nimerudi nyumbani sasa hivi. Sijapiga picha hata moja.

Ile tovuti yangu ya picha za harusi, Rama aliyenitengenezea si aliniapia kuwa kila bibi harusi ana neno lake la siri? Uongo mtupu! Ukiandika jina la bibi harusi tu mtandaoni, picha zinakuja zote.

Zote, Zuwena. Hata za singo. Mabinti na kanga moja kifuani, wanasingwa mwili kwa liwa kabla ya harusi, baba zao wenyewe hawathubutu kuchungulia.

Semeni wa Makorora ameonyeshwa zake na shemeji yake. Shemeji!

Nikampigia Rama. Unajua kanijibu nini? "Dada, nani atahangaika kuvamia tovuti ya Tanga?" Hakuna aliyevamia, mjinga yule. Watu wameingia tu kama sokoni.

Basi leo nilikuwa na singo Pongwe, ya mpwa wa Bi Mwanahawa. Kawaida yangu unaijua. Nasimama mlangoni na kapu, kila mwanamke anatia simu yake humo ndipo anaingia. Mwenye kamera ndani nabaki mimi peke yangu. Hakuna aliyewahi kunibishia, maana walikuwa wananiamini.

Leo nafika, kapu keshalishika Bi Mwanahawa mwenyewe. Nikamwambia shikamoo. Hakuitikia, Zuwena. Shikamoo yangu hakuitikia! Vigelegele ndani vikakatika, wote wananitazama.

Akanisogezea kapu.

"Tia na yako."