Kidevu Changu Kinapona, Lakini Wifi Amebuku Jumamosi

Mshauri wetu, naomba unisaidie kabla wiki haijaisha. Mimi ni mama wa mtoto wa miezi saba, naishi Langas, na tangu nijifungue nimeota ndevu, sio nywele mbili tatu, ni ndevu, na kila asubuhi kabla mume wangu Kimutai hajaamka najifungia bafuni na wembe, hata kanisani nakaa nimeshika kidevu kama mtu anayetafakari mahubiri. Sasa mwezi jana wifi yangu Jepchumba, dada ya Kimutai, anayeolewa Desemba, akaniambia kuna saluni mjini wanachoma nywele kwa leza, kikao kimoja tu na hazirudi tena, yeye anataka kutolewa za juu ya mdomo ndio picha za harusi zitoke safi. Nikajifanya hainihusu, kesho yake nikamwachia jirani mtoto nikaenda peke yangu.

Mshauri, yule msichana wa saluni hakuniuliza kama nanyonyesha, hakuniuliza natumia dawa gani, miwani ya kukinga macho alivaa yeye, mimi akanifunika macho kwa kitambaa. Alipowasha mashine mara ya kwanza nikahisi kama nimeguswa na kisu cha moto, nikasikia harufu ya kuku anayebabuliwa manyoya. Nikamwambia, "Simamisha!" Akasema, "Vumilia, madam, urembo ni kazi, hata bado sijaanza." Nikamwambia, "Basi usianze," nikainuka nikaenda zangu.

Kidevu kikafanya malengelenge. Nilienda kwa daktari wa ngozi, akaangalia akasema kuungua ni kwa juu juu, alama itafifia baada ya miezi michache, nikalia hapo hapo kwa kiti kwa furaha. Akanipima damu, kumbe ndevu zenyewe ni mambo ya homoni, na nimeanza matibabu. Nashukuru Mungu, sasa napumua.

Shida ni Jepchumba. Amebuku nafasi saluni hiyo hiyo, Jumamosi hii. Nikimwonya ataniuliza nilijuaje, na Kimutai nilimwambia niliunguzwa na mafuta ya mandazi. Huyu wifi nampenda, nilipojifungua alikaa kwangu wiki mbili akifua nepi. Lakini hizi ndevu ni siri yangu. Nifanyeje?

Mama Mchovu, Langas

*

Mama Mchovu, pole na hongera. Pole kwa kidevu, hongera kwa kusema "Basi usianze." Wengi huogopa kuonekana washamba, wanalala pale mpaka uso wote uive. Majina nimeyabadilisha, na barua yako nimeirusha mbele ya zingine kwa sababu Jumamosi haina subira.

Lakini mafuta ya mandazi, mama? Mwanaume mnalala mto mmoja, unafikiri shavu lake halina habari? Anajua. Amenyamaza kwa sababu hajui aanzie wapi. Mwondolee huo mzigo. Na usijione wa ajabu, wako wanaosoma ukurasa huu wakiwa na kibano mkononi.

Jepchumba mwambie wewe mwenyewe, uso kwa uso, umwonyeshe alama. Usitume meseji. Mwambie kliniki nzuri ni ile inayokuuliza maswali mpaka uchoke: unanyonyesha, una mimba, unakunywa dawa gani, ukiumia kovu linakaaje. Mashine zingine hazifai ngozi nyeusi kama yetu, kwa hivyo aulize hii yao imetumika kwa watu weusi wangapi, nani anaishika, alisomea wapi, na cheti akione kwa macho yake. Wamjaribu sehemu ndogo kwanza, kisha wangoje waone ngozi inasema nini. Miwani wavae wote wawili, yeye na anayemhudumia. Na anayeahidi kumaliza kwa kikao kimoja ni mwongo, kazi hii huchukua miezi. Bibi harusi asianze majaribio ya uso harusi ikikaribia, hizo za juu ya mdomo zitatolewa kwa uzi na picha zitatoka safi.

Wewe nawe usikaribie leza tena mpaka daktari wako akubali.

Atakucheka? Pengine, dakika mbili. Halafu atakushika huo mkono unaoficha kidevu, maana aliyefua nepi zako hatashtushwa na ndevu. Kinachoweza kuungua Jumamosi ni uso wake, na mtu pekee anayejua ni wewe.

Leo ni Alhamisi. Weka gazeti chini, beba mtoto, nenda kwake.