Bolti Kumi na Mbili

Rashid pokea simu basi! Nimempiga fundi Marcel. Nimempiga mpaka damu.

Pikapu yangu imepinduka leo asubuhi mteremko wa Titye, yale matope. Imebingirika mara mbili. MARA MBILI, Rashid!

Yale mabomba ya chuma aliyonifungia Marcel nyuma kwenye bodi, yatulinde vichwa tukipinduka, yameng'oka, yakampasua shemeji yako Evaline utosini. Ameshonwa nyuzi kumi na nne. Hajui hata leo ni siku gani.

Nikamwacha hospitali, nikapanda boda mpaka gereji kwa Marcel, Kasulu. Salamu sikutoa. Nilimtandika ngumi ya mdomo, jino likaruka. Nikamwambia, "Muuaji wewe! Kwa nini hukuyachomelea?"

Anatema damu, ananiambia, "Nilikuomba niyachomelee. Ukakataa. Ukataka bolti, uwe unayafungua ukibeba mizigo mikubwa."

Ni kweli nilisema hivyo. Nikampiga tena. Mtu anasema ukweli, mimi nampiga tena!

Akaniuliza akiwa chini pale pale, "Nilifunga bolti kumi na sita. Nani amezigusa?"

Nikashusha ngumi.

Jumamosi, Rashid. Kitanda cha harusi ya dada yangu kilikataa kuingia kwenye pikapu, tukayafungua mabomba. Tuliporudi kutoka Murungu tukakaza bolti nne tu. Ukasema, "Zingine Jumatatu, kaka." Nikacheka.

Sasa hivi niko nyumbani. Zile kumi na mbili bado ziko kwenye kopo, na spana yako iko juu yake.