Moto wa Shamba la Ulezi

Korogwe, Jumapili, 4 Agosti 2024
Leo ni miaka mitatu na miezi mitano tangu nitoke nyumbani.

Mwanangu mpendwa Mary,

Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini barua hii inakukuta mzima hapo shuleni. Mimi ni mzima huku kwenye mkonge, isipokuwa mkono wa kulia. Mwiba wa ncha ya jani uliingia chini ya kidole gumba tangu mwezi wa sita na hautaki kutoka, kwa hiyo nakata kwa mkono wa kushoto. Msimamizi anasema nakata kama bibi harusi anayechuma maua.

Shangazi yako Albina aliniambia umekuwa wa nne darasani. Nimefurahi sana. Nimewatangazia watu wote wa kambi, hata wale ambao hawakuniuliza.

Hapa wananiita Padri kwa sababu ya rozari. Nalala chumba kimoja na mtu anaitwa Enock, mlokole, anayeomba kwa sauti mpaka bati linatetemeka. Zamani ningehama chumba. Lakini mwezi wa tano nilipolazwa chini na malaria, ni yeye aliyenifulia nguo na kuninywesha uji kwa kijiko. Sijapata neno la kumwambia.

Simu shuleni kwenu ni marufuku, na mimi kwenye simu huwa sisemi vizuri, basi tuendelee na barua. Niandikie mambo ya shule. Na baba yako mdogo Ignasi, huwa anakuja kukuona?

Ni mimi Baba yako,
Gaudensi


Sumbawanga, 25 Agosti 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Mimi ni mzima, hofu ni juu ya mkono wako. Tafadhali nenda zahanati, usiupake mafuta ya taa kama ulivyozoea.

Nina habari. Sista Fortunata, anayetufundisha historia, ametunga mchezo wa kuigiza kwa sikukuu ya Kristo Mfalme, tarehe 24 Novemba, na mimi ndiye malkia. Alinichagua kwa ajili ya jina, maana malkia mwenyewe aliitwa Mary. Alitawala Uingereza zamani sana, miaka mitano tu, wakati Wakristo wa Ulaya walikuwa wanauana kwa sababu ya dini. Baba yake mfalme alimwacha mama yake ili aoe mwingine, akaachana na Roma. Mama yake alipokuwa anakufa, Mary alikatazwa kwenda kumwona. Hapo nililia mazoezini, Baba, wakadhani naigiza. Mimi pia sikumwona Mama. Walikuwa wameshamfunika.

Alipopata kiti cha ufalme alirudisha Misa nchi nzima, na watu wakamshangilia barabarani. Halafu akaanza kuwachoma moto waliokataa kurudi Kanisani. Karibu watu mia tatu. Sista anasema malkia alimpenda Mungu kwelikweli, na hilo ndilo gumu kuliigiza.

Umeniuliza habari za baba mdogo. Anakuja kila Jumapili ya wageni, anasimama getini na mfuko wa dagaa wa Kipili. Sitoki. Namtuma rafiki yangu Angela akaseme naumwa. Baba, kwa nini uniulize habari za mtu ambaye moto wake ulimuua Mama? Aliliacha Kanisa, akajenga kibanda chake cha sala pembeni ya mashamba, halafu akachoma matawi ya shamba lake la ulezi, moto ukakiteketeza Mama akiwa ndani. Mwenyewe alikiri mahakamani. Amekaa jela mwaka na nusu, ametoka. Mama hajatoka alipo.

Mwanao akupendaye,
Mary


Korogwe, 15 Septemba 2024

Mwanangu Mary,

Tumsifu Yesu Kristo. U hali gani? Mimi naendelea. Zahanati wamepasua kidole, usaha umetoka, mwiba hawakuuona.

Barua hii nimeianza mara tatu. Mara mbili nimeichana.

Mwanzo niliposoma kwamba utakuwa malkia Mkatoliki nilijisikia fahari, nikamsomea Enock kwa sauti ili aumie. Nilipofika kwenye kuchoma watu nikaikunja barua. Enock akauliza, mbona umeishia njiani, Padri? Nikamwambia taa haitoshi.

Nataka umuulize Sista jambo moja. Yule malkia, watu walipokuwa wanaungua, alikwenda kutazama?

Na nakuomba kitu. Baba yako mdogo nilimbeba mgongoni akiwa mdogo, namfahamu. Siku ile yeye ndiye aliyeingia ndani ya moto, watu wengine wote tulisimama. Usimwache getini. Pokea hata dagaa tu.

Ni mimi Baba yako,
Gaudensi


Sumbawanga, 6 Oktoba 2024

Mpendwa Baba,

Shikamoo. Hatujambo, isipokuwa mafua, maana upepo wa huku unaujua.

Sista anasema malkia hakwenda kutazama. Alitia sahihi karatasi, akaenda kwenye kanisa lake dogo kusali. Alisali sana. Alitamani mtoto, tumbo likavimba, wakaandaa hadi kitanda cha mtoto, kumbe hakukuwa na mtoto. Alikufa akiwa hana mtu wa kumwachia kazi yake, na nchi ikarudi kule kule alikoikuta.

Kuna askofu mzee kwenye mchezo, anaigizwa na Bertilla wa kidato cha nne. Alipokuwa gerezani aliandika kwa mkono wake kwamba imani yake ilikuwa ya uongo, ili apone. Hakupona. Siku ya kuchomwa aliunyoosha mkono wa kulia ukaungua kwanza, kwa sababu ndio ulioandika alichokuwa hakiamini.

Jumapili iliyopita nilitoka getini kama ulivyotaka. Baba mdogo alifurahi mpaka akasahau kunipa mfuko. Mikono yake imekunjamana, vidole viwili vimeshikana. Nilimwambia, mbele ya wasichana, mikono hiyo ni Mungu mwenyewe aliyeiandika ili kila mtu asome. Akasema, ni kweli, mwanangu. Akaniwekea dagaa chini, akaenda. Wasichana wengine walicheka. Mimi sikucheka, lakini sikumwita.

Ninapofika mahali pa kutia sahihi namuwaza yeye, na inakuwa rahisi.

Na mimi nina swali. Aliyefungwa ni yeye. Wewe ulikimbia nini?

Mwanao,
Mary


Korogwe, 20 Oktoba 2024

Tumsifu Yesu Kristo, Sista Fortunata. Najua barua za wanafunzi mnazisoma kwanza. Isome hii yote, kisha umpe, na siku hiyo usimwache alale peke yake.

Mwanangu Mary,

Leo sikuulizi hali.

Moto ule ulikuwa wangu.

Haukunitoroka. Nataka ujue hilo mapema, usije ukanitafutia njia ya kutokea. Mama yako Otilia alikuwa ameanza kwenda kwenye kibanda cha Ignasi. Kifua kilikuwa kinambana, hospitali tulikwenda, novena tulisali. Akaniambia akiombewa kule anapata usingizi. Mimi nilikuwa mwenyekiti wa jumuiya ya Kanisa. Watu walianza kunitania, mmoja wao, Sebastiani, akasema mbele ya wote kwamba kondoo wa mwenyekiti analala zizi la jirani, wakacheka, na mimi nikacheka nao. Nilipofika nyumbani nilimkataza. Akasema sawa. Nikaamini haendi tena.

Jumanne ile alasiri nilimwona Ignasi na watu wake wote wako mashambani, mbali. Nilikuwa nimekata matawi na kuyarundika tayari kuyachoma na kupanda ulezi kwenye majivu, kama kila mtu mwezi wa kumi, na kwetu moto wa ulezi ukivuka hakuna anayeuliza sana. Upepo nilijua unakwenda wapi. Niliwasha rundo la upande wa kibanda. Nilisema moyoni, nateketeza nyasi na miti, simteketezi mtu, na Mungu atanishukuru. Kisha nikaenda kwenye rozari. Wewe umeniandikia malkia hakwenda kutazama. Mimi pia sikukaa. Tulikuwa kwenye tendo la tatu la uchungu, tena mimi ndiye niliyekuwa naongoza, tuliposikia mayowe.

Mama yako alikuwa amefunga siku ya pili, amelala kwenye mkeka nyuma ya mlango. Hakuniambia kwa sababu nilimkataza. Ignasi alitoka shambani mbio, akaingia, akamtoa. Mikono yake iliungulia hapo. Ulichowaambia wasichana kuhusu mikono hiyo, nimekisoma, nikaenda kukaa kwenye mkonge mpaka Enock akanitafuta.

Ignasi alinitazama usoni akajua. Nilikuwa nimefungua mdomo. Yeye akawahi, akawaambia watu kwamba rundo lake ndilo lililoshika, aliliwasha asubuhi akaliacha. Rundo lake na langu yalikuwa yamegusana, nani angebisha? Baada ya maziko nilimfuata. Akaniambia, "Kaka, mtoto amepoteza mama. Nikisema ninalolijua atapoteza na baba. Nyamaza."

Nikanyamaza. Nilijiambia nanyamaza kwa ajili yako. Ilikuwa kwa ajili yangu. Mahakamani niliinua mkono wa kulia nikaapa, nikasema sikuona moto umetoka wapi. Walipompeleka gerezani nilikaa wiki tatu, nikashindwa kupita mbele ya mlango wake uliofungwa. Ndicho nilichokimbia.

Nimeungama hapa Korogwe mara mbili. Mara zote mbili padri aliniambia niende nikamrudishie ndugu yangu jina lake. Mara zote mbili nimerudi kukata mkonge.

Kuhusu yule askofu sina la kusema.

Gaudensi,
niliyekuzaa


Sumbawanga, 24 Novemba 2024

Baba,

Shikamoo sijaiandika. Nimejaribu, nimeshindwa.

Sista alinipa barua yako baada ya sala ya jioni, akaleta godoro lake akalala chini karibu na kitanda changu. Sikukujibu kwa sababu kila neno nililolijua lilikuwa lako, wewe ndiye uliyenifundisha kusali, kuhesabu, hata kupiga ishara ya msalaba.

Leo tumeigiza. Kabla ya kuanza nilitoka getini na nguo za malkia, pazia la bwaloni na taji la boksi. Baba mdogo alikuwepo. Aliponiona akavua kofia akasema, shikamoo Malkia. Nikamwuliza moto ulikuwa wa nani. Akasema baba yako amechoka huko aliko, anajitwika mzigo usio wake, moto ulikuwa wangu na mahakama ilishasema. Nikamwambia nimesoma kila kitu, hata maneno aliyokuambia baada ya maziko. Akatazama mikono yake. Kisha akasema, "Dagaa hawa wachambue vizuri, safari hii wana mchanga."

Niliipigia magoti ile mikono, Baba, na pazia langu, mbele ya wasichana walewale. Akawa ananiinua, anasema utachafua nguo ya shule.

Kwenye mchezo nilitia sahihi. Sista aliogopa nitashindwa, lakini malkia alitia, kwa hiyo nilitia. Baada ya hapo ilitakiwa niondoke nikasali. Sikuondoka. Nilisimama nikawatazama wenzangu wenye vitambaa vyekundu mpaka wa mwisho alipolala chini. Watu walidhani ndivyo mchezo ulivyo. Walipiga makofi.

Likizo sitakwenda kwa shangazi. Nakwenda kwa baba mdogo kumlimia matuta, maana jembe halishikiki mikononi mwake na mvua zimeanza. Nimeuliza amekuwa akilimaje miaka yote hii. Anasema majirani, wale wa kibanda.

Sasa mko wawili, kila mmoja anasema moto ni wake. Sitaki barua nyingine ya kueleza. Njoo useme mbele yake, nami niwepo.

Mary wa Otilia


Korogwe, 8 Desemba 2024

Mary,

Tumsifu Yesu Kristo. Nimepata barua yako jana. Enock ndiye aliyenisomea mwisho wake, mimi nilikwama kwenye pazia. Baadaye nikamweleza yote, na kwa nini alipokuwa ananinywesha uji nilikuwa nafumba macho. Nilidhani atahama chumba. Akaniuliza, unaondoka lini?

Nimeaga kazini. Mwiba umetoka wenyewe wiki hii, mweusi, mdogo kuliko nilivyofikiri.

Shikamoo usiiandike. Usije kunipokea stendi, wala usimwambie Ignasi siku, atanitangulia polisi akaseme tena ni moto wake. Ukiwa unamlimia, mashina ya upande wa kibanda yaache kama yalivyo, nitayaonyesha kwa kidole, rundo langu lilikaa wapi na lake lilikaa wapi. Kaburi la mama yako sitalikaribia mpaka wewe useme.

Nitashukia stendi ya kwetu, Namanyere, Jumamosi, tarehe 21 Desemba. Kituo cha polisi kiko njiani, na safari hii sitakipita. Wakiniruhusu kuja kwanza nyumbani nikaseme mbele yenu wawili, nitatembea, na nitafika kabla jua halijazama. Wakinizuia, njooni ninyi kesho yake, Jumapili, mje naye, nami nitayasema hapo hapo.

Baba yako,
Gaudensi