Nilimlisha Baba Mkwe Keki, Sasa Hataki Kuja Kwenye Mahafali

Mama Tabitha mpendwa, shikamoo. Huwa nasoma unavyowasaidia wenzangu na leo naomba unibebe na mimi, maana nimekwama kabisa na Ijumaa ya wiki ijayo mtoto wangu anavaa joho.

Mimi ni mwanamke wa Muleba niliyeolewa na Mkurya, mume wangu Nyangwine ana duka la vipuri vya pikipiki hapa Nyangoto, tuna watoto wawili, Lilian anayemaliza shule ya awali na mdogo wake Nelson, na wazazi wa mume wangu wanaishi Machochwe, kule karibu na mbuga. Mwezi huu tulikuwa tumeupanga kama harusi, kwanza Siku ya Wazazi shuleni, halafu birthday ya watoto ambayo tuliiunganisha kwa sababu wote ni wa Novemba, halafu tuwapitie babu na bibi twende wote kutembea Serengeti, halafu mahafali ya Lilian, na kila kitu kilimzunguka babu, maana Lilian na baba mkwe wangu ni kitu kimoja, yeye anamwita "mke wangu" na Lilian anamjibu "mume wangu, umeniletea nini?" Alipoambiwa habari ya Serengeti mzee alicheka sana akasema, "Tembo wanakuja wenyewe kula mahindi yangu, leo niwafuate kwao niwalipie na kiingilio?" lakini akakubali kwa ajili ya Lilian.

Siku ya Wazazi alikuja na basi, amevaa koti lake la kanisani, Lilian alipoimba mzee akasimama peke yake akapiga makofi hata wimbo haujaisha, watu wakacheka, na mimi nilifurahi mpaka machozi yakanitoka.

Ndipo ikaja birthday. Tuliweka turubai nje, majirani wakajaa, wengi ni wageni kama mimi waliofuata dhahabu, MC alikuwa jirani yetu Sospeter, naye ni mtu wa Bukoba, na shemeji zangu wa Machochwe walikaa upande wao pamoja na mzee. Mama, ensoni naijua, nilipoolewa nilifundishwa kwamba mkwe na baba mkwe wanaoneana aibu, simpi kitu mkononi, sili naye meza moja, hata kumsalimia nasimama mbali, na miaka yote hii sijakosea. Lakini siku hiyo muziki ulikuwa juu, watoto tumeshawalisha keki, mimi na Nyangwine tumeshalishana, Lilian akaanza kupiga kelele "Na babu! Na babu!", Sospeter akadaka kwenye maiki, "Mkwe amlishe baba mkwe, twende kazi!", majirani wakashangilia, na kwetu kwenye harusi hilo ni jambo la kawaida kabisa, basi miguu ikanitangulia, nikashtukia niko mbele ya mzee na kipande cha keki kwenye uma. Shemeji zangu wote wakaweka soda zao chini. Mzee alinitazama kidogo, akaangalia chini, akafungua mdomo akala, akasema, "Asante, mama." Kabla pilau halijapakuliwa alikuwa ameshachukua fimbo yake akapanda bodaboda kwenda stendi, na koti akalisahau kwenye kiti.

Tangu siku hiyo sijamwona. Tulipopita Machochwe kuwachukua twende Serengeti, mama mkwe alisema mzee ametoka na ng'ombe, na hao ng'ombe mimi nilikuwa nawaona zizini, na yeye mwenyewe akasema hawezi kwenda bila mzee. Lilian alilia mpaka tukafika getini, huko ndani akaonyeshwa twiga akasema hamtaki, na tulipokuwa tunarudi akaniuliza, "Mama, babu amekasirika kwa sababu mimi ndiye nilisema alishwe?" Nikamwambia alale, tunakaribia kufika.

Nyangwine leo ananiambia nilimvua baba yake nguo mbele za watu, kesho ananiambia niache tu yatapoa yenyewe. Wifi yangu Mokami anasema bila kuchinja mbuzi hakuna kitu. Rafiki yangu Generoza anasema nipande gari niende Machochwe mwenyewe, nimpigie mzee magoti na kulia mpaka anisamehe. Na mimi nimewaza kubaki nyumbani siku ya mahafali, mzee akisikia sipo labda atakuja, Lilian amwone babu yake. Kukosa joho la mwanangu wa kwanza kunaniuma sana, ila niliyeharibu ni mimi. Mama, niende Machochwe au nibaki nyumbani?

Imelda, Nyangoto

MAMA TABITHA ANAJIBU

Mama Lilian, marahaba. Futa machozi kwanza, halafu kaa vizuri nikugombeze.

Mimi ni Mkurya na nimeolewa na Mkurya. Baba mkwe wangu nikimwona anakuja njiani nilikuwa napita shambani kwa watu nisikutane naye. Kwa hiyo sitakudanganya kwamba ulichofanya ni kidogo. Nilipofika hapo pa uma niliweka barua yako chini nikashika kichwa. Mbele ya watoto wake, mama! Kwa sababu ya maiki ya Sospeter!

Nikishasema hilo, nakuonea huruma, maana mzigo huo wamekuachia peke yako. Nyangwine alikuwa wapi? Mila hiyo kazaliwa ndani yake. Angenyoosha mkono akachukua huo uma, akamlisha baba yake mwenyewe, watu wangecheka na pilau lingeliwa. Alisimama akatazama, na leo ana mdomo wa kukulaumu. Mpe gazeti asome hapa.

Sasa nisikilize. Kuna jambo umeliandika halafu ukalipita haraka. Mzee alifungua mdomo. Angeweza kugeuza uso, na wanawe wangeona ana haki. Angeweza kusimama akaondoka na wewe ukabaki na keki yako hewani mbele ya mtaa mzima. Alikutazama, akaona mkwe wake ameshaingia kwenye shimo, akala. Na akakushukuru. Aibu yako akaibeba yeye, ndiyo maana hakuweza kukaa tena hapo. Mtu aliyekasirika angekutumia maneno makali kupitia shemeji zako. Huyu anajificha. Anakuonea haya, Imelda, na ng'ombe wa zizini ndio aliowapata kusingizia.

Ndiyo maana ushauri wa Generoza uutupe. Mzee amekukimbia kwa sababu ulimsogelea mno, na wewe unataka kumfuata nyumbani kwake ukamlilie miguuni? Utakuwa umemlisha keki mara ya pili. Magoti yako ya Muleba ni mazuri, huko hayatamsaidia.

Atakayekwenda ni Nyangwine, na aende kesho. Ana sababu nzuri, baba yake alisahau koti. Alipeleke, akae naye, aseme, "Baba, kosa lilikuwa langu, mimi ndiye niliyepaswa kumzuia." Hayo maneno ayaseme hivyo hivyo, asiyapunguze. Mzee na ndugu zake wakitaka mbuzi, huyo mbuzi ni kazi ya Nyangwine, na wewe usiulize wala usibishe. Wewe salamu zako za pole zipeleke kwa mama mkwe, mwanamke kwa mwanamke, na yeye atajua namna ya kuzifikisha.

Lilian umwambie leo, hata kabla hajala. Mwambie babu hajamkasirikia mtu, babu aliona aibu. Atakuelewa kuliko unavyofikiri, maana mtoto naye anajua kujificha nyuma ya mlango wageni wakija. Halafu mpe simu ya baba yake ampigie babu mwenyewe, aseme anataka mume wake aje amwone na joho. Hapo sidhani kama mzee ana pa kukimbilia.

Na kubaki nyumbani sitaki kusikia. Mtoto wako atafute uso wako kati ya watu aukose, halafu hilo nalo ajilaumu? Utakwenda, utavaa gauni lako zuri, utakaa na akina mama. Mzee atakaa na wanaume, mbali na wewe, na chakula chake atapelekewa na Mokami.

Ikifika zamu ya keki, maana najua itakuwepo mkirudi nyumbani, Sospeter anyang'anywe maiki na uma apewe Lilian. Mjukuu hana ensoni na babu yake, si ndiye mke wake? Amlishe mpaka ndevu zijae krimu. Wewe piga makofi kutoka hapo ulipo. Na mzee akiinua macho akakutafuta, usimsogelee hata hatua moja. Inamisha kichwa tu. Atakuwa amekusikia.