Akanishukuru kwa Chai

Mdogo wangu mpenzi,

Pokea salamu zangu, wewe na wifi yangu. Natumaini mafua ya mtoto yameisha. Mimi mwili mzima, ila roho imechafuka, na nakuandikia wewe kwa sababu shemeji yako ulimleta nyumbani wewe.

Unajua kazi inayonihangaisha pale maabara, mimi na huyo mume wangu. Tunatafuta kifaa cha kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, moja tu, kila tunapoihitaji. Chanzo kimoja mara nyingi hakitoi kitu, na ukikilazimisha kinatoa mbili, hapo umeharibu. Ni mimi niliyesema tuunganishe vyanzo vinane. Fotoni hizi huzaliwa pacha: mmoja tunamnasa atuambie mwenzake anatoka chanzo kipi, kisha swichi zinamwelekeza huyo kwenye njia moja ya kutokea. Swichi za kwanza zilimeza fotoni nyingi kuliko tulizopata. Shemeji yako akasema niachane nazo, napoteza muda. Nilizibadilisha peke yangu mpaka mtambo ukakubali.

Wiki jana wakaja wageni kukagua. Shemeji yako akasimama na michoro niliyochora mimi, na kila sentensi ni nilibuni, nilijenga, nilipima. Mwishoni akanishukuru mimi, mkewe, kwa uvumilivu na kwa chai. Wageni wakacheka. Chai gani, ndugu yangu, katika maabara ambayo hata chupa ya maji hairuhusiwi kuingia?

Nilipomuuliza garini alinijibu, bila haya, kwamba sifa zake ni zangu pia, sisi ni kitu kimoja. Nikamwambia kama ni hivyo, jina langu litangulie kwenye makala ya utafiti huu. Akaongeza sauti ya redio.

Nikaenda kwa mkuu wa maabara, mama mtu mzima, mwanafizikia kama mimi. Nilidhani atanielewa. Akaniambia ugomvi wa mke na mume tukaumalize nyumbani.

Basi nimeumaliza. Barua hii naiandikia kwenye chumba nilichopanga juu ya duka la fundi cherehani. Maabara nyingine imenipokea. Naanza mwezi ujao, na vyanzo nitaviunganisha upya, safari hii kumi na sita.

Najua mlikuwa marafiki kabla hajanioa. Akikupigia simu, pokea. Ila usikubali kutumwa kuja kutusuluhisha.

Wabusu watoto. Mama nitamwambia mwenyewe, lakini akisikia kwa majirani kwamba nimeachwa, mrekebishe: nimeondoka.

Ni mimi,
Dada yako