Kibao cha Mvule

Jumamosi, Kitaji

Na bado nasema kosa ni la mti, siyo langu.

Kibao changu cha mpira wa meza nilikichonga kwa mvule. Ni kizito, kinamfaa mtu wa kuzuia kama mimi. Mwenzangu Magesa alichonga cha kwake kwa ubao wa sanduku la chai, chepesi, cha kupiga kwa nguvu. Raba ya kubandika juu haipatikani, maduka yote matupu. Basi kila mchezaji wetu alikata kandambili yake ya kushoto akaigundisha kwenye kibao, tukaenda Bunda mguu mmoja umevaa, mwingine mtupu.

Wenyeji walitupokea hivyohivyo. Ila wao walikuwa wamekata za kulia.

Kapteni wao akatutazama miguu, akasema, "Jamani, atakayeshinda aondoke na pea." Tukakubaliana.

Magesa alimmaliza mtu wake haraka. Mimi nilizuia, nikazuia tena, mpaka mvule ukanichosha mkono na kibao kikaanguka chini, nikashindwa, nikamwachia mtu wangu kandambili iliyobaki.

Nimerudi pekupeku. Mama Bhoke ameniangalia mlangoni. "Baba Bhoke, mlienda kucheza au kuvua dagaa?" Nimemweleza. Akauliza tu, "Na kesho kanisani?"

Hilo ndilo linaninyima raha. Magesa anakaaga benchi la mbele, na atavaa zote mbili.

Nimejaribu kukifunga kibao mguuni kwa kamba. Kinanitosha, lakini kizito. Kwa kutembelea, cha Magesa kingefaa zaidi.