Marehemu Anakusalimu

Rubio, Jumapili baada ya misa

Dada yangu Zulay,

Salamu zikufikie huko Lima, wewe na shemeji, na natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kifua kilichokuwa kikikubana kwa sababu ya ukungu wa huko kimeachia. Ukitaka kujua hali zetu, sisi hatujambo sote. Narudia: sote. Mimi mzima, mbwa mzima, na Bibi Eduvigis, ambaye umewatangazia watu wa Peru kwamba alifia mikononi mwako, naye ni mzima. Yuko hapa barazani anamenya papai bichi na kuwatukana kuku wa jirani.

Ningeweza kukupigia simu. Lakini kwenye simu ungenikatiza, halafu ungelia, nami nikikusikia unalia hulegea. Karatasi haina kilio cha mtu, kwa hiyo kaa kitako usome mpaka mwisho.

Nianze na jinsi msiba ulivyotufikia. Mama Ismenia alibisha hodi asubuhi, amevaa nyeusi kutoka utosini mpaka unyayoni, mshumaa mkononi na pakiti ya kahawa kwapani. Unamjua, mtaani kwetu hakuna maiti aliyekwenda zake bila yeye kumwongozea rozari. Mimi nilikuwa uani naanika nguo, kwa hiyo aliyekwenda kufungua ni Bibi, polepole na fimbo yake. Ismenia alishaanza kulia kabla mlango haujafunguka, akawa anasema poleni sana, Mungu ndiye mpangaji. Tangu apate kiharusi Bibi ana ulimi mzito, ila makali yake hayajapungua. Akauliza nani amekufa. Ismenia akainua macho, akapiga ishara ya msalaba, akajibu kwa kijisauti, “Si wewe, jirani?”

Bibi akamwangalia, kisha akamwambia aingie basi, na kahawa asiiache nje.

Kumbe mkwewe Ismenia aliyeko huko Lima ndiye aliyeiona video yako. Tukaifungua sote watatu, tumeinamia simu. Ulikuwa umevaa aproni mpya, nyuma yako ukutani kumeandikwa kwa rangi “Utamu wa Marehemu Bibi Eduvigis”. Ukafuta macho. Ukasema bibi yako mpenzi alikata roho umempakata, na kwa pumzi yake ya mwisho akakunong'oneza siri ya alfondoque, peremende yetu ya sukari guru inayovutwa kwa mikono. Zulay, Bibi alipoanguka ulikuwa umeshavuka mpaka zamani. Aliyempakata ni mimi, kwenye sakafu ya jikoni, na alichokuwa akijaribu kuninong'oneza ni kwamba nizime jiko.

Bibi aliitazama mara tatu. Mara ya kwanza aliisogeza simu mpaka puani. Mara ya pili aliomba miwani. Ya tatu aliona ile sinia uliyoishika, alfondoque nyeusi kama soli ya kiatu, akasema neno moja tu: “Amekoroga.” Kisha akaenda kulala, mchana kweupe, na chakula hakula. Huyo ndiye mtu uliyemfanya biashara.

Jioni nilikuandikia ujumbe, na jibu lako ninalo mpaka leo. Ulisema, “Nereida, hayo ni maneno ya soko tu, watu wakisikia marehemu wanafungua pochi. Kwani Bibi atajua?” Halafu, bila hata kupumua, ukaongeza kwamba maadam niko naye, nimuulize anajuaje wakati wa kuitoa sufuria motoni, maana yako inatoka na mchanga. Hapo nusura niitupe simu chooni. Wahenga walisema mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe. Hawakukujua wewe. Wewe mzaliwa wako unamfisha ili upate kula.

Najua utasema maisha ya ugenini ni magumu. Sikatai. Najua ulianza kwa kuuza barabarani, na miguu ilikuvimba. Lakini ungeweza kusema bibi yangu ni mgonjwa, ikawa kweli, na watu wangekuonea huruma vilevile. Ungeweza kusema ni mzima, anavuta alfondoque kuliko mwanamke yeyote wa jimbo letu la Táchira, na ikawa kweli zaidi.

Au hukutaka kusema ni mgonjwa kwa sababu wangekuuliza nani anamuuguza? Basi nikueleze nani, na kwa njia gani, maana nilipokuambia nimeanza mafunzo ya kuwatibu watu kwa kuwapandisha farasi ulicheka mpaka ukakohoa. Uliniuliza kama nasomea kumwogesha farasi au kumwozesha. Shemeji naye nikamsikia pembeni akicheka.

Ndiyo, tunaogesha. Miezi ya mwanzo hatukumwona mgonjwa hata mmoja. Tulichokonoa kwato, tulizoa mavi, tulijifunza kusoma masikio ya farasi. Kisha Mwalimu Coromoto akatupandisha wenyewe, tumefungwa vitambaa machoni, tumeukabili mkia, tukazungushwa uwanjani, ili tujue mgonjwa anavyoogopa kabla hatujamwambia asiogope. Nililia, sioni haya kusema. Mwalimu anasema farasi akitembea kiuno cha aliye juu yake nacho kinatembea, hata kama miguu yenyewe imesahau. Anasema pia kwamba hakuna muujiza hapo, na bila ruhusa ya daktari hampandishi mtu.

Ilipofika zamu ya kila mwanafunzi kuleta mtu wa kumfanyia mazoezi, nikampeleka Bibi. Alikataa katakata. Alisema yeye si nyani wa sarakasi. Kilichomlainisha ni farasi mwenyewe, mzee wa kijivu tunayemwita Askofu, kwa ule mwendo wake wa kwenda kama yuko kwenye maandamano ya Ijumaa Kuu. Askofu alimnusa Bibi kifuani, kwenye shali, na unajua shali ile imekaa miaka mingapi juu ya moshi wa sukari guru. Hakutaka kumwachia. Bibi akasema, “Huyu ana adabu kuliko wajukuu zangu,” akakubali kupanda.

Sharti la Mwalimu ni kwamba farasi wa kazi halishwi utamu mkononi, atazoea kutafuna vidole vya wagonjwa. Basi ikawekwa ndoo. Kila wakimaliza, Bibi hudondosha kipande cha sukari guru ndani ya ndoo, na lazima akidondoshe kwa mkono wa kushoto, ule uliokufa. Wiki za kwanza mimi ndiye niliyemfumbua vidole. Askofu alisubiri na masikio yake mbele, hana haraka, wala hajawahi kumsukuma. Mgongo ulinyooka kwanza. Vidole vilichelewa sana. Siku kidole gumba kilipoachia chenyewe nilikupigia simu, unakumbuka? Ulisema una wateja, utanipigia. Bado nasubiri.

Sasa ujue na hili. Siku ya pili baada ya video yako nilikwenda uwanjani, nikashika kamba ya Askofu, akagoma. Akanipa makalio. Nikamvuta, akapandisha kichwa, akaonyesha weupe wa macho, farasi ambaye hata radi haimshtui. Mwalimu Coromoto akaninyang'anya kamba, akaniuliza leo nimemletea nani mgongoni. Nikamweleza kwa ufupi. Akasema farasi hajui Lima iko wapi, anajua tu kwamba nimeshika kamba kama mtu anayenyonga mtu. Akanikataza kumgusa mpaka nimalizane na huyo ninayemnyonga. Na mtihani wangu ni wiki ijayo. Nimekata kuni, nimefua mablanketi, nimemtukana mbwa, hasira haijashuka. Ndiyo maana naandika.

Bibi naye alikuwa na dawa yake. Aliamka, akamwita Mama Ismenia, akamwambia kwamba kama mjukuu wake ameshamzika, basi anataka haki zake zote za marehemu, hakuna kupunjana. Anataka jioni tisa za rozari kama kila mtu. Anataka kahawa, anataka vitamutamu, na vitamutamu atavipika yeye, maana hawaamini wapishi wa mtaa huu. Ismenia akasema ni dhambi. Bibi akamjibu kwamba dhambi ni kuja msibani na kahawa nusu pakiti.

Mtaa mzima ulikuja. Jioni ya kwanza walikuja kucheka, na nani atawalaumu, marehemu amekaa mlangoni na fimbo anawaambia wafute viatu. Tulipika papai bichi kwa sukari guru na karafuu, tukapika tini, tukatia kwenye majani. Ndani tuliweka meza ya kitambaa cheupe, mshumaa, glasi ya maji ya kumtuliza kiu anayesafiri, na picha. Picha Bibi aliitafuta mwenyewe kabatini, akaiweka mwenyewe. Kuanzia jioni ya pili hakuna aliyecheka tena, nitakuambia kwa nini.

Jioni ya mwisho ilikuwa zamu ya alfondoque. Bibi alisimamia sufuria ya shaba tangu mchana. Na hapa nakupa ile siri uliyomuulia, kwa amri yake, maana mimi nisingekupa. Weka ndimu kidogo, na ikishaanza kuchemka, usikoroge. Usiiguse hata ikikutisha. Wewe huna subira, unatia mwiko, ndiyo maana inatoka na mchanga. Dondosha tone kwenye maji baridi, likivunjika kwa mlio, toa. Bibi amesema, “Mwambie aache kukoroga,” na sijui kama alikuwa anazungumzia sukari peke yake.

Nilianza kuivuta mimi kwenye kile kigingi cha mpera, bizari tamu inanukia mpaka barabarani. Akaniambia nipishe. Akaegemeza fimbo ukutani, akashika ncha moja kwa kulia, nyingine kwa kushoto. Nilisimama nyuma yake mikono wazi, kama tunavyofundishwa kusimama, bila kumgusa. Alivuta, akarusha kwenye kigingi, akavuta. Haikufika rangi yake ya dhahabu, aliishia njiani kwa kuchoka. Lakini mkono ulishika, Zulay. Haukuachia hata mara moja.

Sasa nikuambie jambo ambalo nimelizunguka tangu mwanzo wa barua hii. Picha iliyokuwa pale mezani haikuwa ya Bibi. Ilikuwa yako. Ile uliyopigwa ukiwa mdogo, meno ya mbele hayapo, umeshika ncha ya alfondoque na Bibi ameshika nyingine. Jioni ya kwanza Ismenia alipoiona alifunga rozari yake, akasema walio hai hawaombewi hivyo. Bibi akamwambia kwamba katika nyumba hii kuna mmoja aliyepotea, na si yeye, yeye yupo, anapika. Akamwomba asitamke pumziko la milele, atamke arudi salama. Hivyo ndivyo ulivyoombewa na mtaa mzima, jioni tisa, huku ukiuza kifo cha anayekuombea.

Unajua desturi. Rozari ya mwisho ikiisha, mshumaa huzimwa, kitambaa hukunjwa, maji humwagwa nje, ili roho ijue imeruhusiwa kwenda. Mama Ismenia akainuka kukunja. Bibi akaweka fimbo juu ya meza. Ismenia akamwambia kwa upole, “Eduvigis, asiyekuwepo na lake halipo.” Bibi akamjibu, “Wangu hayupo. Lake lipo.”

Basi meza bado ipo. Mimi najigonga nayo nyonga kila nikipita kwenda jikoni.

Yeye amekusamehe, ameniambia nikuandikie hivyo. Mimi bado, na hilo nalo lisomeke vizuri. Nenda kafute lile neno ukutani. Simama mbele ya simu ileile, na aproni ileile, uwaambie wateja wako kwamba bibi yako yu hai na wewe ulidanganya. Wakikukimbia, wakukimbie. Ukishafanya hivyo piga simu, si kwangu, kwake, mchana, akiwa hajalala.

Barua hii anakuletea mtoto wa Mama Ismenia anayerudi huko, pamoja na kifurushi kidogo. Ni alfondoque ile ya jioni ya mwisho. Imepauka nusu tu, lakini mchanga haina.

Msalimie shemeji. Mwambie mwozesha farasi anamsalimu. Mwalimu Coromoto hakujui, kwa hiyo hana salamu kwako. Nikimaliza kufunga bahasha hii nateremka uwanjani nione kama Askofu atanipokea.

Bibi anakusalimu sana. Anasema nikuandikie kwamba maji ya glasi yako huyabadilisha kila asubuhi, yeye mwenyewe, kwa mkono wa kushoto.

Ni mimi mdogo wako,
Nereida